Jinsi ya kugeuza paking moja kuwa kivuli cha mtaa mzima: mwongozo kamili kwa wakazi wa Dar

Paking ya gari dogo ni kama mita 2.5 kwa mita 5, yaani mita za mraba 12 na nusu. Wengi wetu Dar tumepanga chumba kidogo kuliko hicho, tena na watoto. Sasa hebu toka nje ya geti uangalie mtaa wako, hesabu vyumba vingapi vya namna hiyo vimelala pale nje, vimesakafiwa lami au pevingi au kifusi kilichoshindiliwa mpaka kimekuwa jiwe, juu yake gari limesimama toka asubuhi halina mtu, na bibi anayerudi zahanati na mjukuu mgongoni anapita katikati ya barabara maana pembeni hamna pa kukanyaga wala hamna kivuli cha kupumzikia hata dakika moja.

Mi hiyo hali inaniuma. Ardhi ya pembeni ya barabara sio ya wenye magari, ni ya mtaa mzima, ila tumeizoea ilivyo mpaka tunaona kama ndo imeumbwa hivo.

Huu mwongozo ni wa mtu wa kawaida kwenye mtaa wa ndani, sio barabara kuu. Nimeuandika kwa Dar maana ndo napajua, wa Tanga, Mombasa, Unguja au Bujumbura mtabadilisha majina ya ofisi na miti kidogo, kazi ni ileile. Na kabla hujashika chepe naomba ubebe jambo moja: mti wa barabarani haufi kwa kukosa maji peke yake, unakufa kwa kukosa mtu. Kila masika miche inapandwa, ikifika mwezi wa nane unakuta vijiti vikavu. Sasa ile iliyopona nenda kaichunguze, chini yake utakuta kijiwe, kama sio bodaboda basi fundi viatu, kama sio fundi basi mzee wa kahawa na bao lake. Yule mtu anamwaga maji aliyonawia, anamfukuza mbuzi, anamkaripia dereva anayerudi nyuma bila kuangalia. Kwahiyo hatua zote hapa chini zinazunguka kwenye swali moja, nani atakaa hapa?

Hatua ya 1: Kaa kitini uhesabu

Usianze na mkutano, utaishia kwenye kelele. Anza na daftari. Chagua siku mbili, moja ya kazi na moja ya wikiendi, kaa sehemu moja kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 12 jioni, mkipokezana na mwenzako. Kila saa hesabu kwa dakika 15 tu: waliopita kwa miguu, baiskeli, bodaboda, bajaji, magari. Zidisha mara 4 utapata makadirio ya saa nzima. Pembeni andika kila gari lililopaki, rangi na namba mbili za mwisho zinatosha, halafu kila saa angalia kama bado lipo.

Hii ya mwisho ndo yenye nguvu. Kwetu tulishangaa, magari mengi hayakusogea toka asubuhi mpaka jioni, mawili yalikuwa mabovu kabisa, moja limeota majani chini ya injini, na wote tulikuwa tunaamini kwamba zile ni paking za wateja wa maduka. Hazikuwa za wateja. Mteja mwenye gari alikuwa anazunguka anakosa nafasi anaondoka, na wateja wengi walikuja kwa miguu. Bila daftari hilo jambo ungelisema mkutanoni mngebishana mpaka usiku.

Pia saa 7 mchana jua likiwa kali, tumia kile kipima joto cha kunyooshea kama kile cha wakati wa korona, kama unaweza kukiazima, ila kiwe kinapima vitu sio binadamu tu. Piga lami iliyo juani, halafu piga ardhi iliyo chini ya mti wowote wa jirani. Lami ya juani inaweza kupita nyuzi 50. Usipokuwa na kipimo vua ndala ukanyage, utapata jibu hilohilo. Andika.

Hatua ya 2: Chagua sehemu kwa kufuata watu

Watu wengi wanachagua sehemu inayopendeza kwenye picha. Hapana. Angalia kwenye daftari lako watu wanasimama wapi tayari, wakiwa wanaungua na jua. Pale bodaboda wanapojibanza kwenye kivuli cha nguzo ya umeme, kivuli chembamba kama fimbo, wanahama nacho kadri jua linavyozunguka, hapo ndo penyewe. Au nje ya mashine ya kusaga, au wanapongojea daladala, au mama lishe anapofunga turubai.

Halafu vitu vinne vya kukataa. Usikae kwenye kona ya makutano, dereva lazima aone mtoto anayevuka. Usizibe njia ya gari la zimamoto na la wagonjwa, acha angalau mita 4 wazi. Usiweke mbele ya geti la mtu. Na usiweke mti mkubwa chini ya nyaya za umeme, mi nimeona mijohoro ya miaka saba inakatwa vichwa siku moja ikabaki kama ngumi, sio kosa la waliotumwa kukata, kosa ni la aliyepanda pale.

Anza na paking moja, mbili zikizidi. Mtaa ukishaona moja inafanya kazi, ya pili hutaiomba wewe.

Hatua ya 3: Ongea na mtu mmojammoja

Hii inachukua wiki tatu au zaidi na ndo kazi yenyewe, kuchimba ni mchezo. Nenda kwanza kwa wenye fremu zinazotazama pale. Usiende na habari za mabadiliko ya tabianchi, nenda na daftari. Mwambie, kaka, au mama, au mzee kulingana na umri wake, nimehesabu waliopita hapa mbele yako jana ni hawa, waliosimama ni hawa, wangapi wangesimama kama kungekuwa na kivuli na benchi? Mwache afikirie mwenyewe.

Wenye magari wafuate usiku wakiwa wametulia, sio asubuhi anawahi kazini. Usimfanye adui, gari lake kalinunua kwa jasho. Muulize analaza wapi, kama ndani ya geti kuna nafasi, kama wanaweza kupeana zamu na jirani. Utakuta wengine wanapaki nje kwa sababu uani kumejaa mabati na matofali ya ujenzi uliosimama, na vijana wanne kwa Jumamosi moja wanaweza kumsaidia kupanga. Tulifanya hivo kwa mzee mmoja na yeye ndo akawa wa kwanza kutoa mche.

Hoja utakazokutana nazo ni hizi na uwe na majibu ya kweli. Mbu: nitalieleza vizuri kwenye maji hapo chini. Vibaka kujificha: vichaka vya chini visizidi sm 60 na matawi ya mti yaanze juu ya mita 2, ukisimama unaona mpaka upande wa pili. Wavuta bangi: sehemu yenye mama lishe na taa haiwi kijiwe cha bangi kirahisi. Mizizi kuvunja ukuta: hoja ya haki kabisa, inategemea mti na umbali, subiri hatua ya 8.

Na kuna ile ya "hayo mambo ni ya Ulaya". Sio kweli. Kigali mwaka 2015 walifunga kipande cha barabara katikati ya mji magari yasipite, baadae wakaweka bustani na mabenchi, na mwaka 2022 pakafunguliwa kwa jina la Imbuga City Walk. Nairobi mwaka 2019 barabara ya Luthuli ilifanywa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa na miti ikapandwa. Nairobi hiyohiyo mwaka 2020, barabara ya juu ya Expressway ilipokuwa inajengwa, mugumo mkubwa wa Westlands uliokuwa ung'olewe ulipona baada ya watu kupiga kelele mpaka Rais Uhuru Kenyatta akaagiza uachwe. Na ukitaka za mbali, Seoul walibomoa barabara ya juu na mwaka 2005 wakamaliza kurudisha mto Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa, kilometa karibu 6 za maji na mimea katikati ya jiji. Utrecht kule Uholanzi walikuwa wameufukia mfereji wao wa zamani miaka ya 1970 wakapitisha barabara kubwa ya magari, na mwaka 2020 wakamaliza kuurudisha maji. Yani watu walishajenga kabisa, wakaona wamekosea, wakarudi. Sisi mitaa mingi bado haijafika huko, kwetu ni kufungua tu sakafu.

Hatua ya 4: Jaribu Jumapili tatu bila kuvunja kitu

Mwaka 2005 kule San Francisco kikundi cha wasanii walitia hela kwenye mashine ya kulipia paking kama wenye gari, ila badala ya gari wakatandika nyasi, wakaweka benchi na mti kwenye chungu, kwa masaa 2. Basi. Likageuka jambo linalofanywa kila mwaka miji mingi duniani.

Fanyeni hivohivo. Omba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa, azima mapipa manne yenye miche, mabenchi mawili ya mama lishe, mkeka, bao, na turubai la kivuli. Weka Jumapili asubuhi, ondoa jioni, rudia wiki tatu. Usiweke spika, mziki unageuza jambo kuwa sherehe na majirani wakubwa watachukia. Angalia nani anakuja na anakaa muda gani. Kama wamekuja watoto tu na wanakimbia kuelekea barabarani, basi kizuizi cha upande ule lazima kiwe imara zaidi. Kama hajakaa mtu yeyote, umekosea sehemu, rudi hatua ya 2 kwa amani, hujapoteza hata mfuko mmoja wa simenti.

Hatua ya 5: Barua na vibali

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Kabla ya kuvunja hata pevingi moja lazima mwenye barabara akubali kwa maandishi, vinginevyo kisheria unaharibu miundombinu ya barabara na atakayekuripoti atakuwa sahihi.

Mpangilio ni huu. Mkutano wa mtaa kwanza, na muhtasari wenye saini na mahudhurio. Mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanapitisha, inaenda kwa mtendaji wa kata na afisa mazingira, diwani anapewa nakala, halafu ndo inafika TARURA wilaya yenu na manispaa. Usiruke ngazi, ukiruka barua itarudishwa na umepoteza mwezi. Barua iwe ukurasa mmoja, kwa mfano:

"Sisi wakazi wa mtaa tajwa, katika mkutano wa tarehe hii, tumekubaliana kuomba kutumia eneo la pembeni ya barabara lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.5, mbele ya nyumba namba hii, kwa ajili ya kupanda mti wa kivuli na bustani ya kupokea maji ya mvua. Upana wa barabara utakaobaki ni mita kadhaa. Hatutagusa mtaro wala kalavati. Ofisi yako ikihitaji eneo hilo kwa matengenezo tutaondoa vizuizi kwa gharama zetu. Wasimamizi wa kila siku ni hawa watatu, saini zao zipo chini."

Ambatanisha mchoro wa mkono wenye vipimo, picha mbili, na kurasa za lile daftari la kuhesabu. Mhandisi anapenda namba. Hicho kipengele cha kuondoa vizuizi usikifute, ndo kinachompa moyo wa kusaini.

Hatua ya 6: Jua kilichoko chini

Mi nimeumia hapa kwahiyo nasema kwa uchungu. Mara ya kwanza tulichimba kwa shauku tukapasua bomba la nyumba mbili, kina chake hakikuzidi sm 30, watu wakakaa bila maji siku mbili na tukachanga kulipa fundi. Mabomba mengi ya mitaani yamefukiwa juujuu tu. Tafuta fundi bomba aliyeunganisha maji mtaa huo, mara nyingi anakumbuka kila kona, atembee na chokaa akichora. Uliza DAWASA, uliza TANESCO, angalia vinguzo vya kampuni za simu vinavyoonyesha mkongo umepita wapi. Halafu chimba shimo dogo la majaribio kwa mkono, taratibu, kabla ya lile kubwa.

Hilohilo shimo la majaribio litumie kupima udongo. Liwe sm 30 upana na sm 30 kina. Jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, sasa weka rula na saa. Maji yakishuka sm 2 na nusu au zaidi kwa saa, una mchanga mzuri wa pwani, endelea. Yakishuka chini ya sm 1 kwa saa una udongo wa mfinyanzi, kama ule wa mabonde kuelekea Msimbazi, bado inawezekana ila bustani yako isiwe na kina na njia ya maji kutoka iwe kubwa.

Hatua ya 7: Kufungua sakafu na kuongoza maji

Pevingi zinatoka kwa mtaimbo, zihifadhi mtazitumia kutengeneza kingo. Zege na lami zinahitaji tindo, nyundo kubwa na sululu, au mkodishe mashine ya kukatia ili ukingo unyooke. Kilicho chini ndo kigumu zaidi, kifusi kilichoshindiliwa na mtambo miaka hiyo, mzizi hauwezi kupenya hata kidogo. Chimba angalau sm 80. Kwa paking nzima ni mita za ujazo 10, na gharama kubwa kuliko zote itakuwa kuondoa hicho kifusi, sio miche, kwahiyo uliza kwanza nani mtaani ana msingi wa kujaza, atakibeba bure.

Sasa maji. Dar inapata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka. Kwenye mita za mraba 12 na nusu hiyo ni zaidi ya lita 13,000 zinazoangukia paking moja, na pakiwa pamesakafiwa zote zinakimbilia mtaroni, kutoka mtaroni zinaenda kwenye nyumba ya mtu wa bondeni. Hatuna haja ya kuelezana mafuriko ya Jangwani yanavyokuwa. Kwahiyo usijenge bustani iliyoinuka kama kaburi, hilo kosa liko kila mahali, maji yanapita pembeni yake na mti unakufa kiu siku ya mvua. Jenga iliyozama. Udongo wako ukishajazwa uishie sm 15 chini ya usawa wa barabara. Kwa eneo letu hapo unahifadhi karibu lita 1,900 kwa mkupuo mmoja wa mvua.

Kwenye ukingo upande wa juu wa mteremko acha uwazi wa sm 40 maji ya barabarani yaingie. Ndani ya uwazi panga mawe na kokoto, takataka na mchanga vitakwama hapo na utavizoa kwa koleo kila baada ya mvua kubwa. Upande wa chini acha uwazi wa pili ulioinuka kidogo, maji yakizidi yarudi mtaroni.

Na mbu? Yai mpaka mbu kamili kwa joto letu anachukua kama siku 7 mpaka 10. Bustani iliyochimbwa vizuri inakauka ndani ya siku moja au mbili, hana muda. Mtaro ulioziba na chupa za plastiki pale pembeni ndo unafuga mbu, tena na wa dengue wanapenda makopo na matairi yenye maji. Usimbishie anayeuliza, nenda nae siku mbili baada ya mvua mkaangalie pamoja.

Jaza udongo mwekundu au tifutifu mliochanganya na samadi iliyooza vizuri, sehemu 3 za udongo kwa 1 ya samadi. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mwagia maji utulie wiki nzima kabla ya kupanda, utashuka, ongeza.

Hatua ya 8: Mti gani

Hapa kila mtu ana mapenzi yake, mi nasema ninachoamini.

Mkungu ndo mwalimu wa kivuli cha pwani, matawi yanalala kama meza moja juu ya nyingine, unakua haraka, unavumilia chumvi na upepo, watoto wanagonga kungu, popo wanakuja usiku. Majani yake ni makubwa na yanadondoka kwa msimu, lazima kuwe na mtu wa kufagia, na yakiachwa yanaziba mtaro. Kama mama lishe wa pale amekubali ufagio, panda mkungu.

Mtondoo unakua polepole ila majani yake mazito yanang'aa mwaka mzima, ni wa pwani yetu wenyewe, kwa mtaa ulio karibu na bahari siuachi. Mkwaju nao ni wa taratibu, mgumu, unaishi kuzidi wajukuu. Mwarobaini kila mtu anaujua, hauombi maji mengi, ila ni mgeni na unajisambaza wenyewe mpaka kwenye misitu ya pwani, mi nauweka pale ambapo kweli hakuna mwagiliaji. Mbambakofi nauheshimu sana, ukiwa na nafasi na subira ya miaka, weka.

Mwembe barabarani hapana. Sio kwa ubaya wake, kivuli chake hakina mfano, ila embe zikianza watoto wanarusha mawe na vioo vya magari vinavunjika, na wiki hiyohiyo mti unapata maadui. Mkrismasi unapendeza ukiwa mwekundu mwezi wa kumi na mbili lakini mizizi yake inatambaa juujuu na kuinua sakafu, na matawi yanakatika kwa upepo. Miashoki ile mirefu myembamba haina kivuli, ni pazia. Mikuyu na jamaa zake iache mbali na mabomba.

Chini ya nyaya weka vidogo: mkomamanga, mstafeli, mpera, mlonge ukiwa unapunguzwa kila mwaka. Umbali na ukuta, kwa mti mkubwa mita 4 na kuendelea, kwa vidogo mita 2.

Chini ya mti usiache udongo mtupu. Mchaichai, mrehani, yasmini inayokatwa fupi, na majani yoyote yenye maua ambayo ndege aina ya chozi na vipepeo wanayafuata. Kwetu chozi walikuja kabla mti haujafika kiuno, wanawake wawili wa uani wakawa wanawangojea kila asubuhi, na hao mpaka leo ndo walinzi wakali kuliko wote. Mboga za kula kama mchicha usipande hapa, maji ya barabarani yanabeba mafuta na vumbi la breki.

Hatua ya 9: Kupanda

Panda mwanzo wa masika, katikati ya mwezi wa tatu mvua ikishalowesha ardhi kweli, au vuli mwezi wa kumi na moja. Chukua mche wa mita moja na nusu mpaka mbili wenye shina nene, mche mdogo barabarani unakanyagwa. Kabla hujalipa chungulia chini ya kiroba, mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba achana nao.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya kiroba, kina kilekile cha kiroba. Pale shina linapoanza kutanuka kwenda mizizi pabaki juu ya udongo. Vua plastiki yote, nasema yote, nimeng'oa miti iliyokufa nikakuta mfuko umebaki. Chomeka vijiti viwili pembeni, funga kwa kitambaa au mpira wa tairi kwa kulegea, sio waya. Tandaza majani makavu sm 7 kuzunguka, yasiguse shina.

Hatua ya 10: Kuzuia matairi

Siku utakayopanda ni siku gari litarudi kupaki, kwa mazoea tu. Nguzo za zege au mawe makubwa kila mita 1 na sentimita 20, hapo gari halipiti, kiti cha magurudumu kinapita. Zizame sm 50 chini, zipakwe rangi nyeupe zionekane usiku. Matairi yaliyofukiwa nusu yanafaa kwa muda ila yanashika maji, yatoboe au yajaze mchanga. Benchi ligeuzwe litazame mti na duka, mgongo kwa barabara, ukuta wake mfupi wa zege uwe kizuizi cha pili.

Hatua ya 11: Miaka miwili ya kwanza

Miezi ya kiangazi kuanzia wa sita mpaka wa kumi mpe lita 20, ndoo moja ya kawaida, mara mbili kwa wiki, taratibu, asubuhi au jioni. Toboa kitundu kwenye dumu la lita 20 uliweke pembeni ya shina litiririke lenyewe, maji mengi kwa mara chache yanavuta mizizi chini, kikombe kila siku kinaibakiza juu. Maji ya kuoshea mchele na mboga ni mazuri, ya sabuni kali na jik hapana. Mwaka wa pili mara moja kwa wiki, wa tatu mwache.

Andika majina ya zamu kwenye ubao wa kijiwe, sio kwenye grupu la WhatsApp, kwenye grupu kila mtu anaamini mwenzake ameshaenda. Wape bodaboda jukumu rasmi, jina lao liwe kwenye barua ya TARURA kama wasimamizi, mtu akiona jina lake lina mhuri anabadilika kabisa. Mama lishe asilipishwe chochote na kamati kwa kukaa pale. Ukimtoza tu, ataondoka, na mti utaondoka nae.

Mche ukifa panda mwingine mvua zinazofuata palepale, udongo umeshalainika, huu wa pili utawahi. Matawi ya chini yapunguze kidogokidogo kila mwaka mpaka mtu mrefu apite bila kuinama. Na nguzo ikigongwa na gari ikalala, isimamishe siku hiyohiyo kabla ya giza, hata kwa mawe na kamba, fundi atakuja kesho.